Kitenzi "waive" kilivyotugharimu mavuno ya Agosti

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeitwa na wazazi, jirani au kikundi chake aje "kuwasomea Kizungu". Mimi niliitwa, nikasoma, na nilichosoma vibaya kililiwa na nyuki shambani.

Kwetu ni Mpunguzi, nje kidogo ya jiji la Dodoma kwa barabara ya Iringa. Baba analima zabibu tangu sijaanza shule. Yeye na wenzake 13 wana kikundi, wanauza pamoja ili wasionewe bei. Katika familia za kikundi kile, mimi ndiye niliyekuwa na digrii. Kwa hiyo mnunuzi mmoja alipoleta mkataba Januari, kurasa 6 zilizoandikwa Kiingereza kitupu, hakuna aliyeuliza nani atausoma.

Tulikaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Niliwaamkia wazee, "Mbukwenyi", nikaanza kipengele cha kwanza. Bei, vizuri. Uzito, vizuri. Kiwango cha sukari kwenye zabibu, wakaulizana kidogo, wakakubali. Tukafika kipengele cha 11. Kiliandikwa hivi: "The Grower waives any claim arising from delay in collection."

Nieleze kilichokuwa kichwani mwangu wakati ule, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Neno "waive" nililijua, au nilidhani nalijua. Mwaka wangu wa kwanza chuoni ilibandikwa karatasi kwamba ada fulani ya usajili imekuwa "waived". Tulishangilia. Ile pesa nikanunulia godoro. Tangu siku ile neno hilo lilikaa moyoni mwangu kama neno la neema: ukiliona, ujue umesamehewa kitu. Sikuwahi kulifungulia kamusi. Nikawatafsiria wazee: "Mkulima anasamehewa madai yoyote yatokanayo na kuchelewa kwa ukusanyaji."

Wazee walifurahi. Msimu uliotangulia mnunuzi mwingine aliwakata hela akidai wamechelewa kufikisha mzigo. Mzee mmoja akasema, "Hapa wametufikiria." Baba alinitazama kwa namna ambayo hadi leo naiona. Wanne kati yao hawaandiki. Walibonyeza kidole gumba kwenye wino wa muhuri, wakaweka alama, kisha wakajifuta kwa majani ya mwarobaini. Chini ya kila alama ya dole niliandika jina kwa mkono wangu.

Msimu wa kwanza, Machi, gari lilichelewa siku mbili. Hasara haikuwa kubwa, tukanyamaza. Malipo nayo yalipita siku zilizotajwa, tukanyamaza tena. Tulisema ni mnunuzi mpya, tusianze na ugomvi. Kumbukeni ukimya huo, nitaurudia.

Agosti tulipigiwa simu: vuneni Jumatatu, gari linakuja Jumanne. Anayelima zabibu anajua amri hiyo ina uzito gani. Zabibu ikiwa kwenye mzabibu bado una nafasi ya kusubiri. Ukishakata kikonyo, saa inahesabu. Tulikata kilo 6,400, tukapanga kwenye kreti, tukaziweka chini ya turubai. Jumanne hakuna gari. Jumatano simu haipokelewi. Alhamisi wakasema ni leo jioni. Siku ya nne vishada vya chini vilianza kutoa maji, na harufu ya chachu ikasikika hadi barabarani. Nyuki walijaa juu ya turubai hata watoto wakakatazwa kupita. Baba alikuwa akiinua kishada kimoja kimoja, anachambua punje zilizopasuka, anaziangusha kwenye ndoo, na mikono yake yote ilikuwa inanata hadi kwenye viwiko. Tulijaribu kukamua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake ya kutengenezea mvinyo, lakini hatuna matangi. Kilichokamuliwa kwenye madumu kiliharibika.

Gari lilifika Jumatano ya wiki iliyofuata, siku 8 baada ya siku ya ahadi. Walichagua kilo 1,100 tu. Kilo zipatazo 1,500 tulikuwa tumeshaziuza wenyewe, kwa ndoo kando ya barabara na kwa madalali wa soko la Majengo, shilingi 500 kwa kilo. Bei ya mkataba ilikuwa shilingi 1,300. Fanya hesabu: mzigo wa 8,320,000 ulituingizia 2,180,000. Mle ndani kulikuwa na mikopo ya dawa, vibarua wa kupogolea, na ada za watoto wa watu.

Nikaandika barua ya madai nikiwa na uhakika kabisa. Jibu lilikuja la mistari mitatu: tafadhali rejeeni kipengele cha 11.

Niliisoma mara nyingi sana. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nilijue neno lile, nikafungua kamusi.

Jioni ile nilimwambia baba. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, ulisema tumesamehewa." Afadhali angefoka.

Nilikwenda mjini kumwona msaidizi wa kisheria, mama mmoja mtulivu. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ningelijua hilo Januari, ningemwona Januari. Aliweka kalamu chini ya sentensi, akaniuliza swali moja: "Nani amesimama mbele ya kitenzi?" Nikajibu, mkulima. Akasema, "Basi mkulima ndiye anayeachia. Ninyi hamkusamehewa. Ninyi ndio mliosamehe."

Kitenzi hiki maana yake ni kuachia kwa hiari kitu ambacho ni haki yako: dai, ada unayostahili kulipwa, sharti ulilokuwa na uwezo wa kulishikilia. Chuo kiliachia ada yake, nikafaidi mimi. Kwenye mkataba wazee waliachia madai yao, akafaidi mnunuzi. Neno ni lile lile, faida imehama upande. Nilichokosa kukiuliza ni nani anaachia na anamwachia nani. Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili changu mwenyewe kingenikumbusha kama ningekisikiliza. Sisi tuna kuacha, kuachia, kuachiwa, kuachilia. Kiambishi kidogo kinakuonyesha nani anatoa na nani anapokea. Ningesema "mkulima anaachia madai yake", hata mtoto pale chini ya mti angeuliza, "Anaachia kwa nini?"

Neno hilo halikunitoka. Kuna mwalimu wangu wa Kiingereza, mstaafu, anakaa Kikuyu, mtaa wa hapa Dodoma. Nilimpelekea swali nikaondoka na mchana mzima. Ana kamusi kubwa iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu, na aliifungua polepole huku akilowesha kidole. Akanionyesha kwamba "waive" na "wave", kupunga mkono, yanatamkwa sawasawa kabisa, ndiyo maana hata Waingereza wenyewe huyachanganya wakiandika. "Waive" liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa kilichotumika mahakamani Uingereza baada ya Wanormani kuitawala nchi ile, kutoka kitenzi kilichoandikwa "weyver", chenye maana ya kutupa au kutelekeza. Nyuma zaidi wataalamu wengi hulihusisha na lugha za watu wa Skandinavia, neno la kupepea au kuning'inia ovyo. Kitu kisichoshikwa na mtu.

Na maana yake ya kwanza haikuwa na neema yoyote. Katika sheria ya Uingereza ya zama za kati, mwanamume aliyeitwa mahakamani akakataa kutokea aliweza kutangazwa kuwa nje ya sheria: hana ulinzi tena, mali yake inachukuliwa. Mwanamke hakutangazwa hivyo, kwa sababu wavulana waliingizwa kwa kiapo kwenye vikundi vya kudhaminiana wakifika miaka 12, na wanawake hawakuingizwa. Huwezi kumtoa nje mtu ambaye hukumwingiza ndani. Kwa hiyo mwanamke alisemwa kuwa amekuwa "waived", yaani ameachwa, sheria imeondoa mkono wake juu yake. Mwalimu aliponisomea hilo nilinyamaza kidogo. Nilifikiria mama zetu wawili wa kikundi waliobonyeza dole gumba.

Kutoka shina hilohilo likatoka "waif", ambalo leo Waingereza hulitumia kwa mtoto asiye na pa kwenda. Zamani lilikuwa jina la mali. Mwizi akikimbizwa akatupa alichoiba, kile kilichotupwa kilikuwa "waif", na kilikwenda kwa mfalme au kwa bwana wa eneo. Mwanasheria wa Kiingereza wa karne ya 18, William Blackstone, alieleza sababu: ilikuwa adhabu kwa mwenye mali kwa kutomfuatilia mwizi yeye mwenyewe. Umeibiwa, hukufuatilia, umepoteza.

Hapo ndipo nilipokumbuka Machi.

Maana yule mama msaidizi wa kisheria alikuwa ameniuliza pia: gari liliwahi kuchelewa kabla? Mlisema lolote? Nilipomjibu alitikisa kichwa. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, na yetu ya mikataba ni mojawapo, haki inaweza kuachiwa kwa maandishi, na pia kwa mwenendo. Mwenzako akikulipa kwa kuchelewa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nawe unapokea kimya, siku ukija kudai anaweza kusema, "Ulishaachia." Kwa ajili hiyo mikataba mingi huwa na kipengele kinachosema kwamba kunyamaza leo si kuachia haki ya kesho. Wetu ulikuwa nacho, kipengele cha 15, nilikipita haraka kwa kuona ni maneno ya kawaida ya mawakili. Kilimlinda mnunuzi peke yake. Yeye akinyamaza hapotezi kitu, sisi hatukutajwa.

Nilimuuliza kama tunaweza kusema tulidanganywa. Alinijibu kwa upole, lakini hakunificha: mnunuzi hakutudanganya, karatasi ilikuwa mbele yetu, aliyeitafsiri vibaya ni mtu wetu. Alichokiona yeye ni kipengele cha 7, kilichomtaka mnunuzi atoe taarifa ya saa 48 siku ya kukusanya ikibadilika. Hiyo hatukuwa tumeiachia. Tulikaa nao mezani mara mbili kwa hoja hiyo, na mwisho wakatoa 900,000, wakaiita kifuta jasho. Wazee walipokea. Kwenda mahakamani kungekula zaidi ya hapo kwa nauli na siku.

Watu huniambia, lakini sheria ilibadilika mwaka 2021, Kiswahili sasa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Ila mabadiliko yale hayakumzuia mtu kuja na mkataba wa Kiingereza chini ya mwarobaini wako, wala hayazuii dole gumba lako kutua juu yake.

Tangu hapo nalitafuta neno hili kila mahali, na kila nikilikuta nauliza swali la yule mama. Mfano ulionishangaza ni mpango wa Marekani unaoitwa Visa Waiver, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Raia wa nchi zilizoorodheshwa, na Tanzania haimo, huingia kwa matembezi au biashara hadi siku 90 bila viza. Hapo Marekani ndiyo inayoachia sharti lake. Lakini msafiri anayeingia kwa njia hiyo naye anaachia: anaachia haki ya kupinga kuondolewa nchini, isipokuwa kwa kuomba hifadhi. Mpango mmoja, neno moja, pande mbili zinaachia, na msafiri anayeisoma sehemu ya kwanza tu anaondoka akidhani amepewa bure.

Mfano mwingine ni mabalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema kinga ya mwanadiplomasia inaweza kuondolewa na nchi iliyomtuma, na kwamba kuondolewa huko lazima kuwe wazi siku zote. Kinga ni ya nchi yake, na nchi yake ndiyo yenye kuiachia. Nilitamani wakulima wangekuwa na sentensi kama hiyo: kwamba hakuna dai letu litakalohesabika limeachiwa mpaka tuseme wazi tumeliachia.

Kwa anayetafsiri, nimejifunza kutotumia neno moja la Kiswahili kwa kila "waive". Ada, kodi, riba au adhabu: kusamehe inatosha, kwa sharti useme anayesamehe ni nani. Kinga: kuondoa. Sharti la kazi, kama miaka ya uzoefu, au utaratibu fulani: kuondoa, au kutolazimisha. Haki na madai: kuachia, na hapo usitumie kusamehe hata kidogo, kwa sababu msamaha kwetu ni neno la baraka na msikilizaji atalipokea kwa furaha kabla hajafikiri. Angalia pia usilichanganye na "waver" ambalo ni kusitasita. Herufi moja tu inalitenga na "waiver", jina la tendo hili la kuachia, na sauti ni moja.

Na ukishatafsiri, mwombe mmoja wa wasikilizaji akurudishie kwa maneno yake. Ningemwomba yule mzee aliyesema "wametufikiria" anieleze wametufikiria vipi, labda ningesimama nikaisoma tena sentensi. Kama kuna kitenzi hukijui vizuri, sema hukijui. Hilo lilinishinda Januari ile kwa sababu watu 14 walikuwa wananitazama na baba alikuwa mmoja wao. Kusema "wazee, naombeni siku mbili nikaulize" kungenigharimu aibu ya dakika tano na nauli ya daladala.

Januari iliyofuata mnunuzi alirudi, kwa kuwa zabibu zetu ni nzuri na analijua hilo. Safari hii mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, na tuliweka kipengele kwamba pakitokea tofauti toleo la Kiswahili ndilo litakalofuatwa. Msaidizi wa kisheria aliupitia kabla. Kipengele cha 11 hawakutaka kukifuta chote, tukabishana asubuhi nzima, mpaka kikasomeka hivi: mkulima anaachia madai ya ucheleweshaji usiozidi saa 24, zaidi ya hapo mnunuzi atalipa bei kamili ya mzigo uliovunwa kwa maelekezo yake. Kipengele cha 15 kikawalinda wote wawili. Nilipomaliza kusoma, baba ndiye aliyeuliza, mbele ya wote: "Hapo kwenye 11, nani anaachia?" Nikamjibu. Akauliza, "Kwa muda gani?" Nikamjibu. Ndipo akachukua kalamu.

Mwaka huu Machi gari lilichelewa siku mbili, kama mwaka ule. Saa 24 zilipotimia nilikuwa nimeshaandika barua, yenye tarehe, saa na idadi ya kreti, nikapiga picha kila kreti, nikampelekea dereva nakala asaini kabla hajapakia. Kilo 210 zilizokuwa zimeharibika zililipwa kwa bei ya mkataba, wiki tatu baadaye.